Kibuyu cha Mama

Bulapesa, Isiolo
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Akuam,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Natumaini zitakukuta na afya, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mvua imenyesha mara mbili wiki iliyopita, na jamaa zetu wa Ngaremara wanasema mbuzi wameanza kuwa na sura ya mbuzi tena. Barua hii anakuletea Makena, binti wa mwalimu Mwiti, anayesafiri Jumatano kuja kufanya kazi huko huko Doha. Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Nitakueleza sababu kabla sijamaliza.

Uliponipigia mwezi uliopita uliniomba mambo mawili. La kwanza, nizunguke mtaa wetu, nile, ninywe, niingie madukani, kisha nikwambie ukweli wa zile picha unazoziona kwenye simu, kwa kuwa ukirudi Desemba unataka tufungue tena kibanda cha chai cha mama na ungependa kujua tutashindana na nani. La pili, kibuyu cha mama kiwe tayari, ili siku utakayofika, kabla hujavua viatu, unywe kikombe cha chai ya maziwa yaliyolala humo. Ulisema tangu uondoke hujaonja chai ya maziwa hata siku moja, unaisubiri hiyo tu. Baada ya mazishi nguo za mama tuligawa, kitanda tukampa shangazi, na ulipokuwa ukiondoka ulinishika bega ukaniambia kwamba mama amebaki kwenye harufu ya kile kibuyu. Nitaanza na lile la kwanza kwa sababu ndilo rahisi.

Jana nilikuwa na siku ya mapumziko, nikazunguka. Picha hazidanganyi sana. Barabara yetu ya vumbi imetandikwa matofali ya kabro, na vijana wanatoka hata Nanyuki kuja kukaa kwenye viti vya mbao na kuongea polepole. Nilianza asubuhi kwa Hirbo, yule aliyekuwa na bucha, ambayo sasa ni hoteli. Nyirinyiri yake ni ile ile, vipande vidogo vya nyama ya ngamia vilivyokaushwa na kukaangwa kwa mafuta, ila siku hizi vinakuja kwenye bakuli la udongo na majani ya dania juu, na Hirbo mwenyewe akila huitoa hiyo dania akaiweka kando. Mkewe bado anakaanga buni kwa samli, nzima na maganda yake, kama Waborana wanavyompikia mgeni. Aliniambia wageni humwomba aimimine samli mara ya pili na ya tatu ili picha itoke vizuri. Yeye humimina, halafu huwauliza kama wamekuja kula au kupiga picha za harusi. Alinitilia buni kiganjani, nikala hadi midomo ikang'aa, akauliza habari zako.

Palipokuwa na fundi wa baiskeli sasa kuna duka lenye kuta za vioo. Wanauza shanga, mikeka, na ekicholong, vile vigoda ambavyo wazee wetu hukalia mchana na kuegemeza kichwa wakilala. Vimepakwa vanishi na kupangwa rafuni. Msichana wa duka alinieleza kwa upole mwingi kazi ya ekicholong, mimi, mjukuu wa Lokuruka. Nilimwacha amalize. Nilipomuuliza kama kinaumiza shingo, alisema hajawahi kujaribu. Nilicheka peke yangu nikitoka, ila kicheko hakikufika mbali. Kitu chetu kikiwa nyumbani ni uchafu, kikiwekwa nyuma ya kioo watu wanakitazama kwa heshima.

Kibanda cha mama bado kipo, kufuli lake limeshika kutu. Kushoto wanatengeneza simu, kulia Mohamedamin anauza sharubati ya embe na ukwaju, tamu kweli, usimdharau. Wateja wa zamani hunisimamisha hapo kuniuliza chai inarudi lini. Huwa nawajibu Desemba, kisha naharakisha kuondoka.

Mshindani wetu hasa ni tajiri wangu Kubai, ambaye kwake nabeba sinia mwaka wa tatu huu. Kahawa yake ni nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Ile mashine inapiga mluzi, kikombe kinatoka na picha ya jani juu ya povu. Lakini tangu Agosti kinachojaza viti si kahawa. Ameandika ukutani kwa chaki, chai ya moshi. Anamimina maziwa kwenye jagi la chuma, analifunika, kisha anapuliza moshi ndani kwa mrija kutoka kwenye kikopo kinachotumia betri. Kazi ya dakika moja. Watu wanafumba macho wakinywa.

Sasa nifike kwenye lile la pili.

Nimewahi kukutajia Kagure, mwalimu wa chekechea. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, alikuja chumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia msumarini, juu ya kamba ninayoanikia mashati. Aliuliza ni nini kimeungua. Nilipomwonyesha, alicheka, akasema basi ndiyo harufu ambayo amekuwa akiisikia kwenye nguo zangu na alikuwa hajui aniambieje. Hakusema kwa ubaya, na hakuniambia nifanye lolote. Alipoenda nilivua shati nikalinusa. Nikawafikiria wateja wote niliowainamia na sinia, wenye manukato yao.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kukifukiza kwa moshi. Badala ya kuwasha vijiti nilichemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikakiosha kibuyu cha mama. Nilikiosha mara tatu, nikisugua ndani kwa ule ule mswaki wake wa kuti. Maji yalitoka meusi, nikayamwaga mtaroni, nikaongeza mengine mpaka yakatoka meupe. Kisha nikakianika juani na kukifungia kwenye sanduku.

Mama alikuja nacho siku aliyoolewa. Kwa miaka yote hiyo hakuruhusu sabuni ikiguse, wala wiki ipite bila moshi, hata alipolazwa alikuwa akituagiza sisi. Nawe ulinikabidhi hivyo hivyo. Maji yale meusi niliyoyamwaga ndiyo yalikuwa yeye, dada. Nilijua nikiyamwaga. Usimlaumu Kagure. Niliona aibu ya harufu ya mama yangu, aliyenilea nikiwa nimefungwa mgongoni mwake katika harufu hiyo hiyo.

Agosti mwaka huu Kagure alikuja kwa Kubai na walimu wenzake wakaagiza chai ya moshi. Mimi ndiye niliyewapelekea. Alikunywa, akafumba macho, akasema inamkumbusha nyumbani kwa mtu mwema ingawa hajui ni kwa nani. Nilikwenda nyuma kwenye makreti ya soda nikalia hadi Kubai akaniambia niende nyumbani.

Nimejaribu kukwambia kwa simu mara tatu. Kila mara ulianza kunieleza kwa kicheko utakavyokunywa na viatu mguuni, na kila mara nilikujibu kwamba kibuyu ni kizima. Nilikudanganya mara hizo zote. Ningeweza kunyamaza hadi Desemba nikakupa kikombe, maana shangazi ameonja na hakugundua. Lakini wewe ungejua kwa pumzi ya kwanza, na sikutaka kuuona uso wako ukitafuta kitu kwenye kikombe na kukikosa. Ni afadhali ulie huko, ukija uwe umeshalia.

Nimerudia kukifukiza kila Jumamosi tangu Agosti. Vijiti navifuata mwenyewe kule kwenye laga, ule mto mkavu wa Ngaremara, mti ule ule. Natia kaa la moto, natikisa, nafunika, nasugua, kama alivyokuwa akifanya. Kimeanza kuwa cheusi ndani. Kinanuka moshi, dada. Hakinuki mama.

Shangazi Joy anakusalimu sana na anakuombea safari njema. Mke wa Hirbo anasema buni yako ipo. Ukipata mtu wa kumtuma na jibu, nitalipokea liwe la namna gani, na ukikosa la kuandika mpe hata karatasi tupu. Siku utakayofika nitakuja kukupokea, hata kama utapita bila kunipa mkono. Mizigo nitaibeba.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Etabo