Baba Mdogo Upande wa Pili wa Meza

Jumatatu, 5 Julai 1954

Kipira cha pingpong kimebonyea tena. Tumekitia kwenye sufuria ya maji ya moto, kikarudi kuwa mviringo. Ndicho pekee shuleni. Meza yenyewe ni mlango wa zamani wa stoo. Mimi na Onchiri tumewacharaza wavulana wa Keumbu vibaya. Siku zote tunakuwa upande mmoja. Yeye ni mdogo wa baba yangu, mtoto wa mke wa mwisho wa babu, lakini umri tumelingana.

Mwalimu ametangaza: kwenye mashindano ya Kisumu ataenda mmoja tu. Ijumaa nicheze na Onchiri, mshindi aende. Naitaka Kisumu kuliko kitu chochote. Hata ziwa sijaliona.

Jumatano, 7 Julai

Nyanya amesikia. Ametoka shambani na jembe mkononi, akanigombeza.

"Huyo ni baba yako! Utamrushia vitu usoni mbele ya watu, kisha ucheke?"

Najua. Kwetu na baba hakuna mzaha. Kitandani kwa Onchiri sijawahi hata kukaa. Lakini hii ni pingpong, jamani! Sikula.

Alhamisi, 8 Julai

Nimepiga kipira ukutani mwa jiko la shule mpaka mpishi akanifukuza. Mimi ni bora kuliko Onchiri. Hilo halina ubishi.

Ijumaa, 9 Julai

Niliongoza kumi na tano kwa tisa. Nikapiga kipira kwa nguvu, kikampata shavuni. Wanafunzi wakaangua kicheko. Wazee wawili wa ukoo wetu, walioleta ndizi za shule, wakatazama chini. Aibu ikanishika. Tangu hapo nilipiga ovyo, makusudi. Onchiri ameshinda. Hakunipa mkono.

Nimejinyima Kisumu mwenyewe. Nalia kwa hasira.

Jumapili, 11 Julai

Jana, siku yetu ya Sabato, Onchiri alikaa benchi la mbali kanisani. Leo amenifuata mtoni, amewaka moto.

"Umenipa ushindi kama mtoto anayepewa muwa anyamaze. Nani alikuomba?"

Nikasema ni heshima.

"Mimi ni baba yako, sivyo? Basi baba anakuamuru. Kesho asubuhi nipige kwa nguvu zako zote. Ukishinda, nitamwambia mwalimu uende wewe."

Kisumu imerudi!

Jumatatu, 12 Julai

Tulikuwa wawili tu, umande bado majanini. Sikumhurumia hata pointi moja. Nilipiga za kichwa, za kifua, zote. Onchiri amenishinda, ishirini na moja kwa kumi na nane.

Kumbe sikuwa na kitu cha kumwachia. Inauma sana.

Kipira kilibonyea pointi ya mwisho. Nimechemsha maji, nikakinyoosha, akakitia mfukoni. Basi la Kisumu limepita saa nne. Nimembebea sanduku mpaka barabarani. Hakuna aliyeniagiza.