Rangi Zangu, Mistari Yako

Baba Awino, mpenzi wangu,

Nakuandikia nikiwa dukani, mlango wazi, jua la asubuhi limefika mezani. Hakuna tena wa kuniita Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa. Hapa Migori mimi ni Mama Awino tu, au yule mjane wa fundi wa chati.

Ndugu yako alikuja mara tu baada ya matanga. Akasema, "Shemeji, fundi amekufa. Unamfungulia nani mlango? Rudi nyumbani ulime." Hakusema kwa ubaya. Watu wote wanajua ni wewe uliyechorea makampuni chati za mikutano yao, na rangi ikatoka ileile iliyo kwenye karatasi zao za barua. Wangejuaje? Ni Mungu na sisi wawili tu tuliojua kwamba kijani na kahawia machoni pako vilikuwa kitu kimoja.

Nakumbuka nilivyogundua. Tulikuwa tumeoana juzi tu, ukachora mti wa somo la watoto kanisani, majani yote rangi ya udongo. Watoto wakacheka. Ukaniuliza polepole, "Kwani si kijani?" Nikakushika mkono. Tangu hapo, mteja akileta rangi yake, unakohoa, unaita, "Nyar Ndhiwa, chai iko wapi?" Nami naingia na chai, nachanganya rangi kama mtu anayekuoshea makopo. Ulikunywa chai nyingi wewe! Hata isiyo na sukari.

Sasa nikuambie. Wiki iliyopita alikuja yule meneja wa kampuni ya samaki kutoka Homa Bay. Ana wageni wanaotaka kununua samaki kwake, kwa hiyo anahitaji chati ya mauzo kwenye karatasi ya manila, na rangi iwe ya nembo yao, ile iliyo katikati ya buluu na kijani. Akasimama mlangoni tu. "Pole sana, mama. Lakini mimi nilikuwa nafuata jicho la mzee. Afadhali nipeleke Kisumu."

Ah, Baba Awino. Neno lilifika hapa kwenye ulimi: jicho lilikuwa langu! Akienda yeye, wengine watamfuata, nami nifunge duka nirudi kulima. Nikalimeza. Nikasema, "Kaa kidogo, nijaribu."

Niliomba kwanza. Kisha buluu, manjano kidogo, nyeusi ya ncha ya kijiti cha kiberiti. Nikapaka kipande cha manila, nikangoja kikauke kabisa, maana rangi mbichi hudanganya. Kijani mno. Nikarudia. Nikatoka nacho juani, nikakiweka juu ya karatasi yao ya barua. Meneja akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ni hii hii," akasema. "Kweli mzee alikufundisha."

Nikajibu, "Ndiyo, alinifundisha."

Sikusema uongo. Ulinifundisha kupiga penseli kabla ya brashi, na kuzuia pumzi mkono ukiteremka. Lakini mistari, mume wangu, mistari! Kesho yake nilishinda na rula mkononi, na bado nguzo za chati zikaegemeana kama walevi. Nikafuta, nikaanza upya. Wewe ulikuwa ukipiga mstari huku unanitania, wala haupindi. Nililia. Nikageuza uso, machozi yasije yakadondokea rangi.

Meneja ameichukua. Ameniachia na kazi nyingine. Ndugu yako alikuwa amepita akaiona ikikauka, akatikisa kichwa. "Kumbe ulikuwa unamwangalia sana ndugu yangu." Sana, nikamwambia. Habari ya kulima hakuitaja.

Basi pumzika, mpenzi, mpaka Bwana atakapokuamsha. Naamini siku hiyo atakupa macho ya kuona kila rangi, na mimi nitakaa kando nikikusikiliza ukizitaja. Kwa sasa, jina lako halitoki kwenye kibao cha mlango, na siri yako haitoki kinywani mwangu. Hilo nakuahidi.

Mkeo.