Mshale wa Hamo, Kifua cha Bassiano

Jumanne, 4 Mei 1473

Mdomo uliponza kichwa. Mdomo wa mume wangu ni mpana, na kichwa anacho kimoja tu.

Jana Bwana Josse, mjumbe wa Burgundy, aliingia karakanani kwetu na watu wake sita. Anataka dirii arobaini za askari, mabamba ya chuma ya kukinga kifua. Arobaini! Mtaa mzima wa mafundi deraya ulitoka milangoni kutukodolea macho. Tukawaandalia soseji, jibini, mvinyo. Hasa mvinyo.

Bwana Josse akainua dirii moja, akaitazama alama ya majaribio pale kifuani, kibonyeo cha mshale ulioshindwa kupenya. Akauliza kwa adabu sana kama kibonyeo kile kimetokana na mshale au na nyundo ya fundi. Watu wake wakacheka.

Mume wangu Bassiano ni mfupi. Akikasirika hupanda juu ya kitu. Akapanda juu ya stuli akatangaza kwamba ataivaa yeye mwenyewe. Mpiga upinde yeyote apige, hatua thelathini. Kichwa wazi! Na kikombe cha mvinyo mkononi, wala tone halitamwagika!

Nikajifunika uso kwa aproni.

Bwana Josse akakubali kabla stuli haijaacha kutikisika. Akachagua dirii moja, akaitia muhuri wa nta asiiguse mtu, akamwonyesha mpigaji wake: Mwingereza mrefu, Hamo, ana mabega kama ya ng'ombe wa kulima. Hamo alikuwa anakula soseji yetu. Akanitazama kwa huruma.

Leo asubuhi Bassiano ameamka taratibu.

"Donina, jana nilisema hatua ngapi?"

"Thelathini."

"Sikusema mia tatu?"

"Thelathini, mume wangu. Jumamosi ya wiki ijayo."

Akavuta blanketi hadi juu ya nywele.

Jumatano, 5 Mei

Amepona. Yaani majivuno yamerudi. Siku nzima anawahubiria wateja: chuma chake ni cha pua, si chuma cha masufuria, katikati ameacha nene, kandoni nyembamba, kifua amekivimbisha hata mshale haupati pa kushika, unateleza tu. "Afadhali umchome sindano samaki aliye majini!"

Ni kweli. Hilo simnyimi. Hakuna fundi Milano mzima anayeijua rangi ya chuma kwenye moto kama yeye. Mimi hushona makoti ya ndani, yale ya pamba yanayovaliwa chini ya dirii, na miaka kumi na minne hakuna koti langu hata moja lililorudi na tundu kifuani.

Lakini yaliyorudi ni makoti. Wenyewe sijui kama wote walirudi.

(Shajara hii naiweka rafuni pamoja na nyuzi. Marehemu baba alikuwa mwandishi wa mikataba, akanifundisha herufi. Bassiano hazijui, basi hakuna haja ya kuficha.)

Ijumaa, 7 Mei

Nimemkuta Hamo sokoni akibishana na muuza jibini kwa vidole. Nikamwendea moja kwa moja. Aibu ya nini?

"Wewe! Utaniulia mume wangu?"

Akafikiri kweli kweli. Si mtu wa kujibu ovyo. Anaongea lugha yetu kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe.

"Mama, mimi sijui. Hatua thelathini, mimi hapana piga mtu amesimama. Wao iko kimbia."

Faraja iliyoje!

Nikamuuliza kama anataka kujua. Akasema anataka sana — hapendi kumuua mtu aliyemlisha soseji. Tumepatana Jumatatu, bustanini kwa mama mkwe, Mama Maffea, kando ya mfereji. Bassiano asijue.

Mama Maffea nimemwambia nusu tu ya habari. Akauliza kama tutakanyaga kabichi zake. Nimesema hatutazikanyaga.

Jumatatu, 10 Mei

Hatukuzikanyaga. Tumeziua.

Niandike kwa utaratibu. Nilichukua toroli, nikapakia dirii mbovu na zilizokataliwa, nikafunika kwa matambara. Bustanini tukasimika nguzo, tukafunga gunia la maranda liwe kiwiliwili. Lakini gunia bila kichwa linatia huzuni. Mama Maffea mwenyewe — mwenyewe! — akakata kabichi moja akaipachika juu. "Mwanangu kafanana hivyo," akasema. Ana miaka sabini na mbili na hana huruma.

Dirii ya kwanza: chuma cha bei ya chini, kile cha askari wa miguu, kina ufa mwembamba. Hamo akavuta. Sikujua kwamba upinde hutoa mlio kama mlango wa kanisa! Mshale ukaingia. Kigumba kikazama vidole viwili ndani ya gunia. Nikakaa chini kwenye vitunguu.

"Hii siyo ya mume wako," Hamo akanikumbusha.

Ya pili: chuma cha pua, kazi ya Bassiano, imekataliwa kwa sababu ya tundu la mkanda lililokwenda upande. Hatua thelathini. Paaa! Mshale ukavunjika vipande vitatu. Tukakimbia kutazama: kibonyeo kama umebonyeza unga kwa dole gumba. Basi! Nikaruka, nikampiga Hamo mgongoni — ni kama kupiga ukuta — nikamkumbatia mama mkwe, jambo ambalo sijalifanya tangu siku ya harusi.

Mama mkwe hakunikumbatia. Alikuwa anatazama juu.

"Kabichi yangu ina nini?"

Ilikuwa imechomwa na kipande cha mti wa mshale, kirefu kama kiganja changu, kimepanda kutoka chini. Pale pale ambapo mtu ana koo.

Hamo akapiga tena. Kabichi mpya. Safari hii mti haukuvunjika. Kigumba kiliteleza juu ya ule uvimbe mzuri, uvimbe anaojivunia mume wangu, kikapanda moja kwa moja kidevuni. Kabichi ikaruka hadi mferejini. Bata wakaifuata.

Kifua hakikupata hata mkwaruzo wa maana. Mtu angezikwa na kifua kizima kabisa.

Hamo akanionyesha na jingine: chini ya kwapa, ambapo hapana bamba ila vipete vya chuma vilivyosukwa, mshale ulipita kama kwenye chandarua. "Mwambie, kikombe asiinue juu." Nimeandika hapa nisisahau.

Kabichi ya tatu. Dirii nilizoleta zimekwisha. Mama Maffea akaenda bandani akarudi na chombo cha kulishia kuku, akakimwaga pumba. Kumbe ni dirii ya marehemu baba mkwe! Nzito, ya kizamani, na chini ya shingo ina utepe wa chuma umepigiliwa, umepinda kama mabawa ya mbayuwayu.

Hamo akapiga. Mshale ukateleza, ukapanda, ukakutana na ule utepe — ukatupwa pembeni hadi kwenye mpeasi. Akapiga tena. Pembeni. Mara ya tatu. Pembeni.

Kabichi haikuguswa hata jani.

Hamo akavua kofia mbele ya chombo cha kuku.

Jumanne, 11 Mei

Nimemwambia Bassiano. Kwanza alicheka. Halafu akauliza mpigaji alikuwa nani. Halafu hakucheka.

"Umeniendea kinyume, Donina! Na adui!"

"Si adui, ni Hamo. Weka ule utepe."

"Utepe ni mambo ya babu. Siyo fasheni! Unaharibu uso wa kazi. Mtu akiona utepe anadhani fundi haamini chuma chake."

"Sijasema habari ya chuma. Nasema habari ya koo lako."

Mama Maffea alikuwa mezani anakula uji wa mtama. Akaweka kijiko chini.

"Baba yako hakuuweka ule utepe kwa urembo. Aliuweka mwaka uliofuata baada ya mdogo wake kurudishwa kutoka vitani maiti, amelazwa juu ya ubao wa mlango. Dirii ya mdogo wake ilikuwa nzima. Tuliiuza."

Bassiano hakuwa akijua. Wala mimi. Akasema tu kwamba dirii imetiwa muhuri, hata angetaka hawezi kuigusa, fundi wa kweli havunji muhuri. Akatoka akabamiza mlango.

Mlango ukafunguka tena wenyewe. Una kasoro.

Alhamisi, 13 Mei

Haniongeleshi. Supu anakula, pole anakataa.

Nimemwomba avae chapeo, basi, yaishe. Hataki. Alisema kichwa wazi mbele ya watu, na mtaa mzima unalirudia hilo. Jirani yetu Ughetto, fundi mwenzake, amewafundisha hata wanagenzi wake kuliimba.

Koti lake la ndani nimeliongeza kola nene. Amelijaribu. Amegeuza shingo kushoto, kulia. Amelirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Hajawahi kukunja kitu tangu nimjue.

Ijumaa, 14 Mei

Nimepita nyuma ya karakana. Yuko peke yake kwenye fuawe, anagonga kitu kidogo polepole. Nikachungulia. Utepe. Umepinda kama mabawa.

Nimeenda zangu kununua maharage na nimelia njiani kama mjinga.

Jumamosi, 15 Mei. Uwanjani, nje ya Lango la Ticinese

Naandika nikiwa nimekaa juu ya pipa. Bwana Josse anataka taarifa ya maandishi ya majaribio — hatua ngapi, mshale gani, saa ngapi — na hapa hakuna mwingine mwenye herufi nzuri. Kwa hiyo wote wanadhani naandika taarifa. Taarifa nimeshaimaliza, imebaki matokeo tu. Hii ni yangu.

Watu ni wengi! Mpaka wauza njugu wamekuja. Ughetto amekaa mbele kabisa, amebeba mto wa kukalia.

Bassiano alifika amevaa ile dirii yenye muhuri. Lakini kabla Hamo hajafunga ugwe wa upinde wake, akainua mkono akasema mbele ya umati wote anaomba muhuri uvunjwe. Dirii yake ina kasoro, akasema. Haitobolewi, ila itamuua aliyeivaa. Akautoa ule utepe mfukoni, akaomba aupigilie.

Kicheko — ooh, kicheko! Ughetto alikaribia kuporomoka kutoka kwenye mto wake. Bwana Josse akasema muhuri ni muhuri.

"Basi sisimami," akasema mume wangu. Akaanza kufungua mikanda. Uso mwekundu. Miaka kumi na minne nimeishi na mtu huyu, na sijawahi kumwona akishuka kutoka kwenye stuli yoyote.

Ndipo mama mkwe akapenya katikati ya watu na kikapu.

Sikujua kama amekileta. Akamvua mwanawe dirii, akaitundika juu ya nguzo moja ya uwanjani kwa mikono yake, akapachika kabichi, akamwambia Hamo: "Haya, baba, fanya kazi." Hamo akamtazama bwana wake. Bwana wake akainua mabega.

Paaa.

Ukateleza. Ukapanda. Kabichi ikapasuka hadi kwenye miguu ya Bwana Josse. Naye akajishika koo, taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo.

"Pigilia huo utepe," akasema.

Bassiano akapigilia hapo hapo, juu ya jiwe, chuma baridi, ribiti mbili tu, misumari mifupi ya kushikiza. Nne zingekuwa bora, amekiri mwenyewe. Nimehesabu mapigo ya nyundo.

"Sasa weka kabichi nyingine," akasema Bwana Josse.

Mama Maffea akakiinamisha kikapu. "Zimekwisha."

Watu wakacheka tena, lakini vingine. Mimi nikacheka pia. Nikageuka — Bassiano ameshaingiza kichwa ndani ya dirii.

"Mimi nipo," akasema. "Njoo unikaze mikanda, mke wangu."

Nikamwambia avae chapeo. Bwana Josse mwenyewe akampa ya kwake, nzuri, ya Augsburg. Akakataa kwa heshima. Nikadhani ni majivuno yaleyale, nikataka kumpiga kwa chapeo hiyohiyo. Akaninong'oneza:

"Nikiivaa, nani atajua kama ni utepe ulioniokoa au chapeo? Watu arobaini wataenda vitani na kazi hii, Donina."

Nikakaza mikanda. Wa kushoto ulinishinda mara mbili.

"Wewe unauamini utepe huu?"

Nikasema nauamini.

"Basi."

Akaenda kusimama kwenye alama. Kikombe ameshika, mkono chini kabisa, kwapa limefungwa. Angalau hilo amelisikia. Hamo amekuja kutazama kibonyeo cha mshale wake wa kwanza, amepima kiganja kimoja juu yake, amerudi. Amechagua mshale, ameurudisha kwenye podo, amechukua mwingine. Amefuta jasho. Hamo, kufuta jasho!

Na sasa Bwana Josse anasema ni lazima mtu atoe ishara, na haitakuwa yeye. Atoe anayeujua ule utepe kuliko wengine. Mama mkwe amenionyesha kwa kidole. Bassiano amenionyesha kwa kikombe. Nimepewa kitambaa cheupe: nikikishusha, Hamo apige.

Upepo ulikuwepo, nikasema tusubiri utulie. Umetulia. Nikasema wino umekauka. Mtu ameniletea wino.

"Donina!" anapiga kelele kutoka kule. "Unaandika nini, mpaka niote mizizi?"

Watu wanacheka. Yeye ameacha kucheka. Hamtazami Hamo, wala upinde. Ananitazama mimi.

Ribiti mbili.

Nimeinua kitambaa. Hamo anavuta, nausikia ule mlio. Sijakishusha bado; nauamini utepe, naweka kalamu chini, nakishusha.