Maelezo ya Nives Ballarin Kuhusu Mkokoteni Uliombeba Bibi Zdenka

KITUO CHA POLISI CANNAREGIO, VENISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nives Ballarin
Umri: Miaka 63
Kazi: Dobi wa nyumba za wageni
Makazi: Cannaregio, nyuma ya kanisa la Wajesuiti

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu na nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu mnamshikilia Ermes Busetto, mchukuzi, kwa kosa la kumsukuma Bwana Cavinato majini, na Ermes hakumsukuma. Nilikuwepo, niliona.

Kwanza iandikwe kwamba mimi na Ermes hatuelewani. Mwaka juzi alipitisha mkokoteni wake juu ya shuka zangu zilizodondoka kwenye kamba, na badala ya kuomba radhi akaniambia mji huu si kabati langu la nguo. Tangu siku hiyo sikumsalimia. Kwa hiyo asije mtu akasema namtetea rafiki.

Mnamo tarehe 14 Machi, majira ya saa nane mchana, nilipeleka shuka safi kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na kanisa la Mitume Watakatifu. Pale mapokezi nilimkuta bibi mmoja mgeni ameketi kwenye kiti cha magurudumu, koti amelifunga hadi shingoni, tayari kwa safari. Anaitwa Zdenka Hruskova, ametoka Brno. Alikuja kumchukua kaka yake, Otakar, aliyekuwa fundi wa mashua hapa kwetu hadi alipofariki. Alizikwa San Michele. Afande, wewe pia una watu wako kule, unajua kisiwa cha makaburi ni kidogo. Miaka yako ikitimia unafukuliwa upishe wengine. Ndugu asipotokea siku yenyewe kabla ya lango kufungwa, mifupa inatiwa kwenye shimo la wote na hakuna atakayeitambua tena. Siku ya Otakar ilikuwa hiyo, na lango hufungwa saa kumi.

Siku hiyo hiyo mabasi ya majini yalikuwa yamegoma, na teksi za majini zote zilikuwa zimeshakodiwa. Meneja alikuwa anambembeleza bibi.

"Pumzika, bibi. Kesho boti zitakuwepo."

"Kesho kaka yangu atakuwa amechanganywa na watu," bibi akamjibu. Kiitaliano chake ni cha kuokoteza, lakini hilo alilisema sawasawa. Hakulia. Mimi ndiye niliyegeukia ukutani kidogo.

Ermes akaingia kushusha masanduku ya wageni wengine. Nikamsemesha.

"Wewe. Mkokoteni wako mtupu?"

Akanitazama. "Kumbe bado una ulimi."

"Mtupu au si mtupu?"

"Mtupu. Unataka nikubebee matambara yako?"

Nikamwonyesha bibi. Nikamweleza habari ya lango. Hakuuliza atalipwa na nani wala kama ni ruhusa. Alivua kofia, akamwinamia bibi, akamuuliza kama anaogopa.

"Nimekaa usiku kucha kwenye treni karibu na choo," bibi akasema. "Twende, kijana." Ermes ana miaka hamsini na tisa.

Nimeulizwa kwa nini hatukumsukuma kwenye kiti chake. Afande, kiti cha magurudumu hakipandi ngazi, na mji huu hauna daraja lisilo na ngazi. Mkokoteni wa mizigo unapanda, kwa sababu mbele una vigurudumu vidogo vinavyotangulia kukanyaga ngazi. Tulimkalisha bibi juu ya furushi langu la shuka chafu, tukamfunga kwa mkanda wa mizigo, kiti tukakikunja tukakiegemeza ubavuni. Mimi nilitembea pembeni nimeushika mkono wake.

Daraja la kwanza na la pili tulivuka salama. Ermes alikuwa akipaza sauti kama wachukuzi wote, "Miguu! Miguu, jamani!" na watu wakawa wanajibana ukutani kama ilivyo ada. Bibi alishika mdundo, akawa naye anapaza sauti, "Miguu!" Watu walicheka, wakatupisha haraka zaidi.

Daraja la tatu tulikuwa tumeshalipanda na sasa tunateremka. Mchukuzi anapoteremka, mkokoteni unatangulia, yeye yuko nyuma anauzuia kwa mikono miwili na uzito wake wote. Chini ya daraja akatokea Bwana Cavinato, msimamizi wa vibali vya mikokoteni, aliyehamishiwa huku kutoka bara mwezi Januari. Akasimama katikati ya njia, mkono juu.

"Simama hapo! Mkokoteni ni wa mizigo. Huyo ni mzigo?"

"Mpime," Ermes akasema.

"Mimi mzigo," bibi akasema. "Andika mzigo."

Bwana Cavinato hakucheka. Akasema turudi tulikotoka, la sivyo anafuta kibali.

"Bosi, nikiwa kwenye ngazi sina kurudi," Ermes akamwambia. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Futa ukitaka. Ila toka hapo. Miguu!"

Sasa hapa ndipo penye kesi yenu. Sisi tukisikia neno hilo tunakwenda ukutani, hata usingizini. Bwana Cavinato hakwenda ukutani. Alirudi kinyumenyume, macho kwenye mkokoteni, mpaka kwenye vidato vya kupandia mashua. Akakanyaga kidato cha kwanza, akakanyaga cha pili, akakanyaga kile cha kijani, chenye utelezi wa ukoga. Kidato cha kijani hakikanyagwi. Mtoto wa hapa anafundishwa hilo kabla ya kusali. Miguu ikamtangulia, akazama mpaka kifuani.

Nimeulizwa Ermes alikuwa umbali gani naye. Kati yao palikuwa na mkokoteni mzima na bibi juu yake. Nimeulizwa kama mkokoteni ulimgusa. Haukumgusa, magurudumu yalikuwa bado kwenye ngazi za daraja. Nimeulizwa kama Ermes alikuwa amekasirika. Ndiyo, na mimi pia. Nimeulizwa kwa nini basi hakwenda kumwokoa. Bwana Cavinato alimpigia kelele ampe mkono, na Ermes akajibu, "Nikiuachia huu mkokoteni, bibi anakufuata huko." Nani angeuachia?

Aliyemtoa ni mimi. Nilichomoa shuka moja kutoka kwenye furushi, nikalifunga fundo, nikamrushia, nikamvuta. Shuka hilo bado lina ukoga wake, nitalileta likihitajika. Alipofika juu, kabla hata hajatema maji, alisema, "Busetto amenisukuma, na wewe ni shahidi." La pili ni kweli.

Tulimwacha na shuka lake tukaendelea. Imeandikwa kwamba tulikimbia. Tulikimbia kuwahi lango lisifungwe. Kule ukingoni mwenye mashua ya maji ya chupa alituvusha, bibi ameketi katikati ya makreti. Kisiwani Ermes alimbeba mgongoni kutoka gatini hadi langoni. Mlinzi alikuwa ameshatoa funguo. Bibi akataja jina la kaka yake kwa sauti ambayo sikutegemea mwili mdogo vile uwe nayo, na mlinzi akazirudisha funguo mfukoni.

Ermes alikamatwa jioni, alipomrudisha bibi nyumba ya wageni.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo. Bwana Cavinato ameandika kwamba Ermes alibeba mtu mmoja kwenye mkokoteni wa mizigo. Si kweli. Wakati wa kurudi bibi alikuwa amempakata Otakar kwenye kisanduku cha bati, amemfunika kwa kitambaa chake cha kichwani, na kwenye kila daraja Ermes aliteremka taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akiteremka na vioo. Alibeba wawili. Iandikwe wawili.

Nimesema niliyoyaona na sina ninalolirudisha.

Sahihi: N. Ballarin

Maoni ya mpokea maelezo: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo D. Rizzardi, tarehe 15 Machi, nikamsomea shahidi naye akakiri ni sahihi. Nilimshauri aondoe aya ya mwisho kwa kuwa inamwongezea mtuhumiwa kosa la pili la kubeba mtu. Amekataa. Yuko kwenye benchi la mapokezi na anasema hatoki hapa bila Busetto.