Bledi, sanduku na mama mkwe

Jumamosi, 21 Februari 2009. Kibomet, Kitale.

Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Nimechoka lakini nina furaha, na furaha yenyewe inanitia woga kidogo.

Mnaonisoma mnaijua aibu yangu ya mwaka jana. Shamba la mama mkwe kule eneo la Kwanza lina miinuko na mabonde. Maji hutuama, mahindi huoza. Nikakodisha trekta lenye bledi, lile bapa la chuma linalosukuma udongo. Kufikia saa sita shamba lilikuwa sawa kama meza. Nikajisifu kwenu, hapa hapa.

Mahindi yakatoka ya manjano, yakakomea magotini.

Mama mkwe hakuniambia neno. Alimwambia tu mke wangu, Nekesa, kwamba msimu huu ukienda vile tena, atapanda mikaratusi shamba zima. Mikaratusi ikishashika ardhi, mahindi usahau. Na ugali wetu wa mwaka mzima hutoka pale.

Kwa hiyo juzi nikaenda Bungoma kwa Wafula, fundi anayeunda vifaa vya trekta. Nilitaka anichagulie: bledi nzito zaidi, au lile sanduku la chuma lisilo na sakafu, lenye meno mbele na makali nyuma. Meno yanakwaruza mwinuko, sanduku linabeba udongo na kuumwaga bondeni, kidogo kidogo.

Akaniuliza udongo mweusi, ule wa juu wenye rutuba, una kina gani. Sijui. Ni mwingi upande gani? Sijui.

"Sasa bana, ulinyoa shamba hadi mfupa na hujui ngozi ilikuwa wapi?" Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Nani alilima hapo kabla yako?"

Mama mkwe, nikasema.

"Si umuulize basi."

Hapo ndipo nilipokwama. Sisi Wabukusu, mwanamume hazungumzi ovyo na mama mkwe wake. Hampeani mikono, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anapinda. Miaka sita nimelima shamba la mtu ambaye sijawahi kumuuliza swali. Naye mwaka jana alisimama mlangoni pa jikoni, akatazama bledi ikikwangua udongo wake, akanyamaza kwa heshima.

Nakiri: heshima hiyo ilinifaa. Nilitaka kuonekana mjuzi.

Leo Nekesa amekata shauri kwa niaba yetu. Tumetembea shambani sote watatu: mama mbele, Nekesa katikati, mimi nyuma hatua kama ishirini, jembe begani.

"Mwambie huyo mtu wako hapa palikuwa boma ya ng'ombe," mama akamwambia Nekesa, kwa sauti ya kusikika hadi Endebess. "Achote hapa." Nikachimba. Udongo mweusi mpaka kiwikoni. Tulipofika kwenye mwinuko wa pili akasema, "Hapa chini ni changarawe tupu. Asiguse."

"Mwambie mama nimesikia," nikajibu, ingawa mama alinisikia vizuri kabisa.

Tulichomeka vijiti kila alipoelekeza, na nilipotazama nyuma nikaona jibu langu. Boma liko juu, bonde liko mbali, na changarawe iko katikati. Bledi ingeumwaga udongo njiani na kukwangua kila kitu. Sanduku litaubeba, na penye changarawe nitaliinua nipite.

Tulikuwa tunatoka shambani mama aliposimama na kugeuka. Hakumtazama Nekesa. Alinitazama mimi.

"Mkwe," akasema, "pole pole."

Nekesa aliinama akajifanya anafunga kiatu. Mimi nikashusha jembe, nikainamisha kichwa.

Jumatatu nampigia Wafula simu: aanze sanduku. Mavuno siwezi kuyaahidi. Lakini nikifika kwenye kijiti nisichokikumbuka, nitazima trekta, niende hadi pale mlangoni pa jikoni, nisimame kwa mbali kama inavyonipasa, niulize. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.