Sauti ya Mama Kwenye Diski

Mdogo wangu,

Niwie radhi kwa kimya cha miaka minne. Sikuugua, nilinuna tu.

Binti yako aliniletea diski yake ya nyimbo. Mashine yake ya udijei imekataa kuisoma, na Jumamosi anapiga muziki harusini. "Mjomba, wewe una subira," alisema. "Nakili kila kitu kwenye kompyuta, kisha uifomati upya. Ila usinisahihishie majina ya nyimbo!"

Nilisikiliza kila wimbo kabla ya kuunakili. Katikati ya nyimbo hizo nikamkuta marehemu mama. Binti yako alikuwa akijaribu kipaza sauti, akakiacha kikirekodi. Mama anamwambia, "Nyumba hii ni ya mama yako. Mjomba wako akae, lakini asije akamfungia mlango."

Nami nilikufungia siku ile ile ya mazishi, nikidai nyumba ni yangu.

Kufomati hufuta vyote, na binti yako hajui kwamba maneno hayo yalirekodiwa. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Niliinuka, nikachemsha chai, ikapoa. Kisha niliinakili sauti ya mama, ndipo nikabonyeza "Ndiyo".

Nakala anayo binti yako, pamoja na funguo za nyumba. Nikishaamua nitahamia wapi, nitakuandikia.

Kaka yako