Walikuja kwa Ajili ya Kikohozi

S.L.P. 18,
Nkwantapon,
Ashanti, Ghana.

Jumapili, 11 Agosti 2019

Mpendwa Mjomba Boadu,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mgongo unaendeleaje? Natumaini Hamburg sasa kuna joto kidogo, maana ulivyolalamika mara ya mwisho nilitaka nikutumie jua kwenye bahasha. Sisi hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila hasikii la daktari, hasa daktari akiwa mwanawe.

Najua unangoja jibu kuhusu ile kazi ya maabara uliyonitafutia huko. Ni mimi niliyeiomba, tena kwa machozi kwenye simu, nikasema popote pale mradi pasiwe na wagonjwa. Sababu sikukwambia. Leo nakwambia.

Mwezi wa Mei alinifia mama mmoja, Pokuaa, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua salama mtoto wa kike, kisha damu ikaanza kumtoka. Nikadhani itakatika yenyewe. Nilingoja nusu saa nzima ndipo nikaagiza damu ya kumwongezea, na ilipofika yeye alikuwa ameshakwenda. Kwenye kikao cha kuchunguza kifo chake wakubwa wangu waliandika kuwa ni bahati mbaya, wakanipa pole, tukaenda kula. Na mimi nilikula, Mjomba. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Sisi madaktari hatuendi kwenye mazishi ya wagonjwa wetu. Hakuna aliyetukataza, ni mazoea tu. Basi nikabaki na msiba wangu bila kuvaa nyeusi wala kulia na watu. Nyumbani wakiniuliza nasema nimechoka. Kazini nikawa naagiza damu hata kwa mtu aliyejikata kidole, mpaka vijana wa maabara wakanibatiza jina la Mama Damu. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshaaga.

Jumanne moja mwishoni mwa Juni, Sista Nyarkoa, muuguzi mkuu wetu, akaniambia nina wageni: Mama Foriwaa, mama yake marehemu Pokuaa, na Mzee Gyasi, kaka wa huyo mama, wamembeba mtoto. Nikaingia chumba cha glavu, nikajifanya nazihesabu. Sista akanifuata humo humo. "Daktari, glavu hazijaibiwa," akasema. "Toka."

Unajua kwetu ilivyo: mgeni anapewa maji, anakunywa, ndipo anaulizwa kilichomleta, na msemaji wake ndiye anayejibu. Sista akawapa maji. Mzee Gyasi akanywa, akasafisha koo. Hapo mimi, ambaye wewe mwenyewe ulinilea na kunifundisha adabu, sikungoja hata waulizwe. Nilimkatiza mzee wa watu, nikamgeukia yule mama moja kwa moja, nikamwambia kwamba nilichelewa nusu saa, kwamba ningeiagiza damu mapema huenda mwanawe angekuwa hai, na kwamba naomba radhi.

Sista akawa anatazama sakafu.

Mzee Gyasi alijibu taratibu, kwa aibu, kama aliyenikuta nikioga. "Daktari, sisi tumekuja kwa ajili ya kikohozi. Mtoto anakohoa tangu Ijumaa."

Hawakuwa wanajua lolote. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Mama Foriwaa alinitazama mpaka nikatamani anizabe kibao yaishe. Hakunizaba. Alisema: "Hilo nitakwenda nalo nyumbani, sijui nitalifanya nini. Usidhani nimekusamehe. Haya, mpime mtoto."

Nikampima. Mapafu yalikuwa safi, ni mafua tu. Walipoondoka nililia, kilio cha msiba chenyewe, na Sista akasimama mlangoni akiwaambia watu daktari ana shughuli.

Nikangoja ukoo wao uje juu, nikangoja barua ya mashtaka. Havijaja. Anayekuja ni Mama Foriwaa, kila Jumanne, kliniki ya watoto. Tuko madaktari wawili na foleni ya mwenzangu daima ni fupi, lakini yeye hukaa kwenye yangu. Hanisalimii. Ananipa mtoto, nampima, namrudishia, anaondoka.

Jumanne iliyopita upasuaji ulinikawiza, nikafika saa tano. Benchi lilikuwa tupu, wote wamehamia kwa mwenzangu, kasoro yeye. Nikampima mtoto, amenenepa, mashavu hayo! Mama Foriwaa akamfunga mgongoni, akafika mlangoni, akageuka.

"Jumanne ijayo usichelewe," akasema.

Mjomba, neno lile lilinichoma, na sijawahi kufurahi hivyo tangu Mei. Basi ile kazi mpe mtu mwingine. Nakushukuru kwa kuhangaika, na nakuomba usinikasirikie. Najua ulishaniandalia na chumba.

Msalimie sana Anti Birago na mapacha, Panin na Kakra. Mama anakusalimu, anasema ukizidi kukaa huko utamkuta anatembelea fimbo. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mzuri na mgongo usiouma.

Mimi mpwa wako akupendaye,

Dufie